Je, Wajua? Mbwa wa Santuri na Tarehe Zake

Kampuni za muziki hupenda sana kujipongeza. Zikifika miaka 50 hutoa kasha la santuri lenye utepe wa dhahabu, zikifika 100 huita mawaziri na wapiga picha. Leo tumefungua kalenda ya kampuni moja tu, ile ya mbwa aliyeinamisha kichwa mbele ya tarumbeta la gramafoni. Kwenye lebo iliandikwa His Master's Voice, mitaani ikafupishwa HMV, na kwenye vitabu vya mahesabu iliitwa Gramophone Company, baadaye EMI. Ndani ya kalenda hiyo tumekuta tapureta, mashine ya hospitali, meno ya mwimbaji na watu wawili wa Unguja. Haya, twende.

Je, wajua kwamba sahani ya santuri ilianza kama kitu cha kuchezea watoto? Emile Berliner, mzaliwa wa Hanover aliyehamia Marekani, alipewa hataza ya gramafoni tarehe 8 Novemba 1887. Wakati huo mvumbuzi Edison alikuwa akihifadhi sauti kwenye silinda, kitu mfano wa kopo. Berliner akaichora kwenye sahani bapa, na ubapa ule ndio uliokuja kumpa ushindi: kutoka kalibu moja unapiga chapa nakala kwa mamia. Lakini wateja wa kwanza, mwaka 1889, walikuwa watoto. Kiwanda cha wanasesere cha Kämmer & Reinhardt huko Ujerumani kilitoa gramafoni ndogo ya kuzungusha kwa mkono, na sahani zake zilikuwa na upana wa sentimita 12 na nusu. CD iliyokuja karibu karne nzima baadaye ina sentimita 12. Wahandisi walizunguka dunia nzima wakarudi palepale kwenye mchezo wa watoto.

Gramophone Company yenyewe ilianzishwa London Aprili 1898. Kwa hiyo Aprili 2028 ingetimiza miaka 130. Na ukimsikia mtu akijigamba kwamba yeye husikiliza Deutsche Grammophon pekee kwa kuwa ni lebo ya wastaarabu, mwambie kwa upole kuwa ile nayo ni ya ukoo huohuo: ilisajiliwa Hanover tarehe 6 Desemba mwaka uleule, na Berliner yuleyule.

Je, wajua studio yao ya kwanza ilikuwa wapi? Chini ya hoteli, katika kichochoro cha Maiden Lane, London. Kijana wa Kimarekani mwenye umri wa miaka 25, Fred Gaisberg, alishuka meli Julai 1898 na masanduku ya vyombo. Miongoni mwa sauti za mwanzo kabisa alizozinasa ni ya Syria Lamonte, aliyekuwa mhudumu wa mgahawa wa jirani. Hakukuwa na maikrofoni. Mwimbaji alisogeza uso kwenye mdomo wa tarumbeta, akaimba kwa nguvu zote, na akifika penye noti ya juu alivutwa bega arudi nyuma, maana sindano ingeweza kuruka.

Kati ya Desemba 1900 na 1907 kampuni hii iliitwa Gramophone & Typewriter. Ndiyo, waliuza tapureta! Wenye mali hawakuwa na imani kwamba watu wangeendelea kununua sauti iliyofungwa kwenye sahani, wakaona heri kuwa na kitu cha maofisini cha kuegemea upepo ukigeuka. Tapureta hazikwenda. Muziki ukaenda.

Sasa mbwa.

Jina lake Nipper, na maana ya jina hilo ni yule anayeng'ata-ng'ata, kwa sababu hakuwaacha wageni wapite bila kuwaonja visigino. Alizaliwa Bristol mwaka 1884. Mwenye mbwa alipofariki mwaka 1887, mbwa akachukuliwa na mdogo wa marehemu, mchoraji Francis Barraud. Nipper akafa mwaka 1895, na ile picha ilichorwa baada ya hapo, kwa kumbukumbu tu. Kwa maneno mengine, mbwa mashuhuri kuliko wote katika historia ya muziki hakupata kuiona sura yake kwenye lebo.

Na picha ya kwanza haikuwa na gramafoni. Barraud alichora mbwa akisikiliza mashine ya silinda, mali ya wapinzani. Alipowapelekea wenye silinda, wakamjibu kwamba mbwa hawasikilizi mashine. (Mwenye kufanya biashara na akatoa jibu la namna hiyo, mali yake iko hatarini.) Mwaka 1899 Barraud akaenda Maiden Lane kuazima tarumbeta la shaba, maana lile jeusi alilolichora lilimpendeza kidogo. Meneja, William Barry Owen, akaitazama picha, akasema: nitainunua, ila ifute hiyo mashine uchore ya kwetu. Ikafutwa. Bei ikawa pauni 50 za picha na pauni 50 za haki ya kuitumia. Ukiitazama ile turubai kwa mwanga wa upande, mashine ya zamani bado inaonekana chini ya rangi, kama mke mkubwa aliyefunikwa kwa harusi ya mke mdogo.

Barraud alikula jasho la mbwa wa kakake mpaka mwisho wa maisha yake mwaka 1924. Kampuni ilimwagiza nakala 24 za picha ileile, ikampa na posho ya uzeeni.

Je, wajua kwamba mbwa huyu alichelewa kupanda kwenye sahani? Nembo ya kwanza ilikuwa malaika aliyeketi juu ya sahani akiandika kwa unyoya. Mbwa akamwondoa malaika kwenye lebo mwaka 1909 tu. Na haki ya kumtumia mbwa ikagawanywa kama urithi: Marekani akachukuliwa na kampuni ya Victor, baadaye RCA; Japani akabaki na JVC; kwingineko kwingi akabaki na HMV. Ndiyo maana mwaka 1953 kampuni ilipotaka kuuza santuri zake Marekani haikuweza kwenda na mbwa wake yenyewe. Ikamfufua yule malaika, ikaanzisha lebo ya Angel.

Nipper alizikwa Kingston upon Thames chini ya mti. Mti uliondoka, mji ukaja, na juu yake leo kuna benki. Kuna bamba la kumbukumbu, na tangu mwaka 2010 kichochoro cha karibu kinaitwa Nipper Alley.

11 Aprili 1902. Gaisberg yuko Milan, katika Grand Hotel, palepale mtunzi Giuseppe Verdi alipokata roho mwaka mmoja nyuma yake. Amemsikia kijana wa miaka 29 akiimba katika jumba la opera la La Scala, Enrico Caruso, naye anataka pauni 100 kwa nyimbo 10. Inasimuliwa kuwa Gaisberg alipiga simu ya maandishi London kuomba ruhusa, jibu likaja la kukataza: bei ni ya kupita kiasi. Gaisberg akaikunja karatasi na kuendelea na kazi. Nyimbo zote 10 zilirekodiwa mchana mmoja, na ndizo zilizowashawishi waimbaji wakubwa kwamba kuimbia tarumbeta si kujishusha. Makao makuu, kama ilivyo ada ya makao makuu, yalikuja kuisherehekea sana tarehe hiyo.

Novemba ya mwaka huohuo Gaisberg alikuwa Calcutta. Huko Gauhar Jaan, mwimbaji aliyezoea kutandaza raga moja ya muziki wa Kihindi usiku kucha, aliombwa aimalize ndani ya dakika kama tatu. Akaimaliza. Na mwisho wa sahani akatamka jina lake kwa sauti, kwa Kiingereza. Wengi hudhani ni majivuno. Sahani zilipigiwa chapa Hanover, ambako mafundi hawakujua Kihindi wala Kibengali; jina lililotamkwa mwishoni liliwasaidia kuandika lebo sahihi.

Ile sahani nyeusi nzito ya zamani, iliyovunjika ukiitazama vibaya, ilitengenezwa na wadudu. Shelaki ni utomvu unaotolewa na wadudu wadogo wa mitini huko India. Ukachanganywa na unga wa mawe na masizi, ukakandamizwa kwa joto.

Mwaka 1907 kampuni ilijenga kiwanda Hayes, magharibi ya London. Jiwe la msingi liliwekwa na mwimbaji Nellie Melba wa Australia. Vita ya Kwanza ilipoanza, mikono iliyokuwa ikitengeneza gramafoni ikatengeneza fyuzi za makombora. Tarehe 9 Oktoba 1918 mdogo wake Fred, Will Gaisberg, alikwenda karibu na mji wa Lille, Ufaransa, kurekodi mizinga ya gesi kabla vita haijaisha na sauti ile haijapotea. Wataalamu wa leo wanatia shaka ni kiasi gani cha santuri ile ni mizinga ya kweli na kiasi gani ni cha studio. Kisicho na shaka ni kwamba Will alirudi mgonjwa, akafa kwa homa ya mafua ya mwaka ule mwezi uliofuata.

Duka la HMV la Oxford Street namba 363, London, lilifunguliwa 20 Julai 1921 na mtunzi Edward Elgar. Iweke akilini namba hiyo, tutairudia.

Je, wajua ni kwa nini mwaka 2028 unatuhusu sisi kuliko unavyowahusu wao? Machi 1928, Siti binti Saad na wapigaji wake wa Unguja walipanda meli kwenda Bombay kurekodiwa na HMV. Studio Afrika Mashariki haikuwepo. Mitambo na mafundi walikuwa ng'ambo ya bahari, na njia ya Unguja na Bombay ilikuwa imekanyagwa na majahazi kwa karne nyingi kabla ya santuri kuzaliwa. Siti anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kuimba kwenye sahani. Machi 2028 inatimia miaka 100.

Tukae hapa kidogo. Alizaliwa Fumba kwenye miaka ya 1880, binti wa mfinyanzi, na mwenyewe akitembeza vyungu mjini kabla watu hawajagundua kwamba mwito wake wa kuuzia ulikuwa bora kuliko vyungu. Taarabu ya kasri la Sultani ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu. Yeye akaiimba kwa Kiswahili, akiwa na udi, fidla na matari, na habari za mitaani zikaingia ndani ya nyimbo: mahakama, mapenzi, wakubwa na visa vyao. Studio ya Bombay ilimtaka afanye kile ilichomtaka Gauhar Jaan. Wimbo ambao usiku wa harusi ungechukua robo saa uingie ndani ya dakika tatu na kitu, au ukatwe katikati, msikilizaji ageuze sahani.

Sasa soma lebo. His Master's Voice maana yake ni Sauti ya Bwana Wake. Na aliyeimba kwenye sahani ile, jina alilopewa na wazazi wake alipozaliwa lilikuwa Mtumwa. Siti, yaani bibi mwenye heshima, ni jina alilopewa ukubwani na waliomsikia. Sijui kama kuna fundi yeyote pale Bombay aliyeujua mgongano huo. Hata angeujua, ratiba ya siku ilikuwa ndefu.

Santuri zile ziliuzika hata makampuni mengine yakaja mbio, Columbia na Odeon yakiwemo, na ndani ya miaka michache pwani ikajaa sahani za Kiswahili. Aliyekuwa na gramafoni aliiweka dirishani, waliokuwa hawana wakakaa barazani. Shaaban Robert alimwandikia wasifu, jambo ambalo watu wa dini na watu wa heshima wa wakati ule hawakulitarajia kwa mwimbaji. Na Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania kilipoanzisha jarida lake mwishoni mwa miaka ya 1980, kikaliita Sauti ya Siti. Hebu liweke jina hilo karibu na lile la lebo.

Machi 1931, mdororo wa uchumi ukiwa umekaba koo, Gramophone Company na hasimu wake Columbia walioana. Mtoto akaitwa EMI. Miezi minane baadaye, 12 Novemba 1931, Elgar huyohuyo alisimama na fimbo yake mbele ya London Symphony Orchestra kufungua studio mpya katika nyumba iliyonunuliwa miaka miwili nyuma kwa pauni 16,500. Anwani: namba 3, Abbey Road. Mwaka 2031 patakuwa na sherehe mbili, ya kampuni isiyokuwepo tena na ya nyumba iliyobaki.

Julai 1932, katika nyumba hiyo, Elgar mwenye umri wa miaka 75 alimwongoza mvulana wa miaka 16, Yehudi Menuhin, kurekodi konseto yake ya fidla. Wapenzi wa fidla bado wanaitafuta.

Je, wajua kwamba masikio yako mawili yana deni kwa mtu aliyechukia sinema? Alan Blumlein, mhandisi wa EMI, alikwenda sinema na mkewe mtarajiwa mwaka 1931. Mwigizaji akawa upande wa kulia wa kitambaa, sauti ikatoka palepale kwenye spika moja. Ikamkera. Desemba mwaka huo akapeleka ombi la hataza lenye madai 70, ambamo sauti ya stirio karibu yote imo, pamoja na namna ya kuichora kwenye mfereji mmoja wa sahani. Januari 1934 akafanya majaribio Abbey Road, orkesta ya Thomas Beecham ikifanya mazoezi ya Mozart. EMI ikaziweka karatasi kabatini. Santuri za stirio zilianza kuuzwa na kampuni hiyo mwaka 1958. Blumlein hakuwepo: tarehe 7 Juni 1942, akiwa na miaka 38, alikufa katika ajali ya ndege ya kijeshi iliyokuwa ikijaribu rada.

Kuchelewa lilikuwa gonjwa la kampuni hii. Kampuni pinzani ya Decca ilianza kuuza santuri ndefu za LP Uingereza mwaka 1950. EMI ikashikilia zake za mizunguko 78 mpaka Oktoba 1952.

Fundi Konde, mtu wa pwani ya Kenya aliyezaliwa mwaka 1924 na kupiga gitaa kwa askari wenzake wa King's African Rifles wakati wa Vita ya Pili, alirudi nyumbani akaimba chini ya mbwa yuleyule. Safari hii hapakuhitajika meli. HMV ilikuwa imefika Nairobi, ikisimamiwa na Peter Colmore. Kutoka Siti kwenda Bombay mpaka studio kumfuata mwimbaji nyumbani ilikuwa miaka isiyozidi 30.

Alama ya lebo ya Parlophone inafanana na alama ya pauni ya Uingereza, na wengi hudhani ni utani wa wenye fedha. Ni herufi L ya Carl Lindström, kampuni ya Ujerumani iliyoizaa lebo hiyo kabla haijaangukia mikononi mwa EMI. Ila tangu 1962 utani huo umekuwa kweli.

6 Juni 1962, vijana wanne wa Liverpool, The Beatles, walifika Abbey Road wakiwa wamekataliwa na Decca. George Martin, mkuu wa Parlophone, aliwapa hotuba ndefu juu ya kasoro zao, kisha akauliza kama na wao kuna kitu hawakukipenda. George Harrison akasema hakuipenda tai yake. Waliopo walicheka, na inasemekana kicheko hicho kilichangia kuliko muziki wa siku hiyo. Tarehe 11 Februari 1963 wakarekodi nyimbo 10 za albamu yao ya kwanza kwa siku moja, John Lennon akiwa na mafua. Ule wa kupasua koo, Twist and Shout, ukaachwa wa mwisho kwa sababu baada yake sauti isingebaki.

Picha ya kivuko cha zebra kwenye jalada la albamu yao ya Abbey Road: 8 Agosti 1969, kabla ya saa sita mchana, polisi mmoja akizuia magari, mpiga picha Iain Macmillan juu ya ngazi, dakika 10, picha 6. Basi. Studio wakati huo iliitwa EMI Studios. Ilibadilishwa jina kufuata albamu, si albamu kufuata jina la studio. Desemba 2010 ile zebra ikawekwa kwenye orodha ya urithi unaolindwa na sheria. Wenye magari wa mtaa ule hawajafurahi hata leo.

Na hospitalini je? Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley, Wimbledon, mgonjwa wa kwanza aliingizwa kichwa ndani ya mashine iliyoweza kuonesha ubongo vipande vipande bila kumpasua mtu. Mashine ya CT. Mtengenezaji: EMI, kampuni ya santuri. Mbunifu wake, Godfrey Hounsfield, hakuwa na digrii ya chuo kikuu. Alijiunga na kampuni mwaka 1949 akafanya kazi ya rada, kisha akaongoza utengenezaji wa kompyuta. Mwaka 1979 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg aliyeanza hesabu zake akiwa Cape Town bila wao kujuana.

Kuna hadithi tamu kwamba mashine hiyo ililipiwa na fedha za The Beatles. Itoe kwenye mazungumzo yako ya barazani. Waliofukua hesabu wamekuta kuwa Wizara ya Afya ya Uingereza ilichangia zaidi ya kampuni. Kilicho kweli ni hiki: kila kipimo cha CT kinachofanyika leo, iwe Dar es Salaam, Mombasa au Muscat, husomwa kwa namba za Hounsfield, ambamo maji ni 0 na hewa ni 1000 chini ya sifuri. EMI yenyewe iliambulia hasara. Wamarekani waliiga haraka wakauza kuliko mwenye mali, na mwishoni mwa 1979 kampuni ikamezwa na Thorn, watengenezaji wa taa na vyombo vya umeme.

Turudi kwenye muziki: albamu ya The Dark Side of the Moon ya bendi ya Pink Floyd ilitoka Machi 1973, ikakaa kwenye chati ya albamu za Marekani kwa zaidi ya wiki 700 mpaka 1988. Moja ya sauti za watu wanaozungumza ndani yake ni ya bawabu wa Abbey Road, Gerry O'Driscoll. Walimkalisha mbele ya maikrofoni, wakamuuliza maswali, akajibu, akarudi mlangoni kwake.

Tumebakiza Mzanzibari wa pili. Farrokh Bulsara alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946, mtoto wa Maparsi. Babake alikuwa mtunza fedha serikalini. Siti binti Saad alifariki Julai 1950, mtoto huyu hajafikisha miaka minne. Kwa hiyo kwa miaka karibu minne mji mmoja uliwabeba wote wawili, mmoja akimaliza, mwingine akianza kutembea, na hapana aliyejua kwamba wataishia kwenye daftari la kampuni moja. Alipofika miaka minane wazazi wakampeleka shule ya bweni Panchgani. Njia? Bahari, mpaka Bombay. Ileile ya Siti. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza. Mwaka 1973 akatoa santuri yake ya kwanza EMI na bendi ya Queen, kwa jina la Freddie Mercury.

31 Oktoba 1975 ikatoka Bohemian Rhapsody, yenye dakika 5 na sekunde 55. Wakubwa wa kampuni wakasema redio haitaipiga, ni ndefu. Mtangazaji Kenny Everett akaipiga mara 14 ndani ya siku mbili. Ikakaa namba moja wiki 9. Siti alikatiwa wimbo kwa dakika tatu, huyu akakataa kukatiwa. Katikati hapo pana miaka 47. Mwaka 1978 EMI ilipopata tuzo ya serikali kwa kuuza nje ya nchi, ikapiga chapa nakala 200 tu za wimbo huo kwenye plastiki ya buluu. Ukizikuta Kariakoo kwenye meza ya mitumba, usimwamshe muuzaji.

Na yale meno? Tarehe 1 Desemba 1976 Queen walipaswa kuhojiwa moja kwa moja kwenye televisheni ya London jioni. Wakaahirisha, na inasimuliwa sababu ni kwamba Freddie alikuwa na miadi na daktari wa meno. EMI ikaziba pengo kwa bendi nyingine iliyosaini nayo karibuni kwa pauni 40,000, Sex Pistols. Wakatukana hewani mbele ya watoto na chai ya jioni. Kule Hayes wafanyakazi wakagoma kufunga santuri zao. Januari 1977 kampuni ikawaachisha, fedha wakabaki nazo, na kabla ya mwaka kwisha wakatoa wimbo wa kuisema kampuni. Waliuita E.M.I.

Mwisho wa kampuni ulikuwa wa wanasheria. Mwaka 2007 ilinunuliwa na kampuni ya uwekezaji ya Terra Firma kwa pauni bilioni 4.2, Februari 2011 benki ya Citigroup ikainyakua kwa deni, mwaka 2012 upande wa santuri ukauzwa kwa Universal kwa pauni bilioni 1.2. Mwaka uliofuata Parlophone ikaenda Warner.

Duka la Oxford Street namba 363, lile la Elgar, lilifungwa mwaka 2019. Likafunguliwa tena 24 Novemba 2023, mbwa akiwa mlangoni. Freddie Mercury alifariki 24 Novemba 1991.